Mwaka wa Mawe

Jumanne, tarehe kumi na nne Aprili mwaka 2071, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Si kwamba kabla yake watu wa kijiji cha Mpini walikuwa peponi. Matatizo yalikuwepo, lakini yalikuwa yale ya kulalamikia. Baada ya siku hiyo hata kulalamika kulikosa ladha.

Asubuhi ile Pankrasi Kapele alikuwa amekaa kwenye benchi la Mamlaka ya Bonde, kule Juu. Hivyo ndivyo walivyouita ule mji uliojengwa ukingoni mwa Lyamba, ukuta wa milima unaosimama wima na kulitazama bonde la ziwa kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji. Alikwenda kushtaki kuhusu mfereji. Mto Lukunse ulikuwa umejichimbia chini mwaka hadi mwaka, mpaka mdomo wa mfereji wa kijiji ukabaki unaning'inia hewani, maji yanapita chini yake yakiucheka. Mashamba ya Mpini yalikuwa yamekauka. Alitaka mkubwa yeyote, mnene au mwembamba, ampe jibu.

Karani akamwambia mkubwa yuko kikaoni. Akangoja. Baadaye akaambiwa mkubwa anakunywa chai. Akangoja chai ipoe na inyweke.

Mkewe, Gaudensia, alikuwa amemwambia tangu alfajiri, huku akijifunga kanga ya pili: "Twende wote chini kwa kaka yangu tukafukie matuta ya intumba. Maji yapo kule siku hizi. Kwa wakubwa utakwenda kesho."

"Kesho ndiyo wanayoipenda," alimjibu.

Basi yeye akapanda, mwenzake akateremka.

Adhuhuri mvua ilinyesha milimani, nyuma ya mji. Ukuta wa ukumbi ule ulikuwa na kioo kikubwa, na nyigu wa Mamlaka, vile vidude vya chuma vinavyoruka juu ya mto vikihesabu mawe, wakaanza kuleta picha. Pankrasi akaona Lukunse ikitoka korongoni. Haikuwa na sura ya maji. Ilikuwa kama uji wa ulezi unaochemka, na ndani yake majabali yanabingirika kama maharage. Ikaingia kwenye handaki ililojichimbia, ikapita katikati ya kijiji chake bila kugusa hata banda la kuku, ikaendelea kushuka.

Wakubwa wakatoka kikaoni kutazama. Mmoja wao, bado ana kipande cha andazi mkononi, akashusha pumzi akasema, "Mpini wako salama."

Watu wakapiga makofi. Pankrasi naye akapiga. Alipiga makofi kwa moyo mweupe, akamshukuru Mungu, na viganja vyake vilikuwa bado vimekutana alipokumbuka mkewe yuko wapi.

Kule chini, kijijini Ukingoni, handaki lilikoishia, mto ulifunguka na kumwaga kila kitu. Walipochimba walipata jembe la Gaudensia. Yeye mwenyewe hawakumpata. Changarawe ilikuwa imelala juu ya lile shamba kwa kimo cha nyumba, imetulia, kama vile ilikuwa hapo tangu dunia kuumbwa.

*

Miaka mitano baadaye, ukuta wa nyumba ya Pankrasi uliotazama barabara ulikuwa na maandishi ya chokaa yaliyosomeka kutoka mbali: ACHIENI MLIMA. Katika kila mkutano alisimama na kuyasema hayohayo, mpaka watu wakambadilisha jina. Hata watoto walimwita Mzee Achieni. Yeye hakukasirika. Alisema afadhali jina hilo kuliko la mtu aliyepiga makofi.

Alichotaka kiachiwe kilijulikana na wote. Lyamba ile imekaa juu ya ufa. Upande wa mlima na upande wa bonde zimekutana humo, na tangu kale zilikuwa zikisuguana: bonde linazama, mlima unabaki, na kila zinapoteleza ardhi inatetemeka. Mamlaka ilipokuja, zamani Pankrasi angali mtoto, ilitoboa ardhi mpaka kusikofikirika, ikashusha koleo. Watu waliziita hivyo kwa kuwa zilibana kama koleo za mhunzi: zilishika upande huu na upande ule, ufa ukashikwa usiteleze tena. Mitetemeko ikakoma. Na ule mkazo wa mlima unaotaka kwenda na usioruhusiwa, Mamlaka iliukamua ikapata umeme. Juu kukawaka. Mpini nao wakapewa taa za bure, maana mashimo ya koleo yalikuwa uani kwao. Nani angekataa?

Siku moja mchana akasikia hodi.

"Kama ni Mamlaka, hapa hakuna mtu," akasema bila kuinuka kitandani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bado hakuna mtu."

Mwanamke mmoja mwenye buti zenye matope akachungulia mlangoni. Akasema anaitwa Atuganile, mhandisi wa koleo, ameteremka kwa miguu kwa sababu gari la ofisi limepewa mkubwa aende harusini.

Pankrasi akakaa kitako. "Hilo nimeliamini," akasema. "Unataka nini?"

"Nataka ukaone kitu handakini. Halafu nina habari, na sipendi kuisemea hapa chini ya ukuta wako."

Wakaenda. Handaki la Lukunse lilikuwa na kina cha minazi miwili, na kuta zake zilikuwa zimekatika wima, mtu anaweza kuyaona matumbo ya ardhi. Atuganile alitembea akiugusa ukuta kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

"Mnaiitaje ardhi hii yote, mzee? Kutoka hapa mlangoni mwa korongo mpaka kule chini?"

"Pepeo. Imekaa kama pepeo la kupulizia moto. Huku juu ndiyo mpini wake, kule ndiyo ukingo. Kwani wewe hukusoma?"

"Nimesoma, ila vitabuni haikuitwa vizuri hivyo." Akasimama. "Tazama hapa. Mawe makubwa, kichwa kwa kichwa. Juu yake changarawe. Juu yake mchanga. Halafu tena mawe makubwa. Unajua ni nini?"

"Ni mawe."

"Ni mitetemeko. Kila bonde lilipozama, lilifanya shimo hapa miguuni mwa mlima. Mto ukitoka korongoni ukakuta shimo, unatua mzigo. Unaanza na mawe mazito, hayafiki mbali. Mchanga unasogea kidogo, na matope ndiyo yanayofika ukingoni, ndiyo maana kule udongo ni mweusi na mahindi yanakubali. Mlima unapanda, bonde linashuka, mto unajaza. Hivyo tangu na tangu. Pepeo lenu limejengwa hivyo, tabaka juu ya tabaka."

"Halafu mkaja ninyi."

"Halafu tukaja sisi," akasema Atuganile. "Tukalizuia bonde lisishuke. Shimo likajaa. Mto ukitoka na mzigo wake hauna pa kuutua, na mto haurudi nyumbani na mzigo. Ukaanza kulichimba pepeo lenyewe. Umejitengenezea bomba hili, unapitisha kila kitu humu, mawe yale yaliyokuwa yanaishia hapa sasa yanafika Ukingoni."

Miaka mitano Pankrasi alikuwa akiyajua hayo kama mtu anavyolijua jino bovu, kwa maumivu. Hakuwahi kusikia mtu wa Mamlaka akiyasema kwa mdomo wake, na wala hakusikia raha aliyoitarajia.

"Na habari yenyewe?" akauliza.

"Wamekubali kufikiria kuachia."

Pankrasi aliutazama mto miguuni pao, siku hiyo ulikuwa mwembamba, unapita kati ya mawe bila haraka.

"Hawa hawakubali kitu," akasema hatimaye. "Kimewapata nini?"

"Hofu. Koleo zimechoka. Mlima unasukuma kuliko tulivyopiga hesabu, na zikikatika zenyewe, siku isiyojulikana, Juu itaanguka na watu wake ndani. Nusu ya wakubwa wanataka kuachia kwa kupanga, watu wakiwa wametolewa nje. Nusu wanataka kuongeza koleo mpya, tubane tena miaka arobaini. Wameshindwa kuelewana. Kwa hiyo wameamua Mpini mpige kura."

"Sisi?"

"Nyinyi. Koleo ziko kwenu."

Pankrasi akacheka, kicheko kikavu. "Umeona eeh? Ikiwa neema wanaamua wao. Ikiwa balaa, sisi ndio wenye nchi."

"Hapo sikubishii, mzee."

"Na tukisema ndiyo?"

Hapo mhandisi alivua kofia yake, akaikung'uta, akaivaa tena. "Bonde litashuka kimo cha mtu mzima. Nyumba za matofali nyingi hapa zitaanguka, ila hakuna atakayekuwa ndani. Taa zitazimika. Na masika ikija, Lukunse itakuta shimo palepale pa zamani, mlangoni. Itatua mawe hapa. Handaki litajaa, kisha mto utapanda juu na kuanza kutandaza. Ukingoni watapona, mzee. Watapona kabisa."

"Na Mpini?"

"Mpini ni sehemu ya kutulia mawe," akasema Atuganile. "Iliumbwa hivyo. Sikutaka kukudanganya."

*

Kesho yake alishuka Ukingoni kwa shemeji yake Vitalis, kaka wa marehemu. Alimkuta shambani akifukia intumba, yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa wamelima tangu mababu: unakusanya nyasi, unazifunika udongo, zinaozea humo, msimu ukifika unayatawanya na kupanda. Vitalis alikuwa akiyafukia kwenye kipande kidogo cha udongo mweusi kilichobaki kati ya nyanda mbili za changarawe.

"Karibu, shemeji," akasema bila kunyoosha mgongo. "Umekuja kutuhesabu tuliobaki?"

"Nimekuja kukusalimia."

"Mtu wa Mpini anakuja kutusalimia. Leo mvua itanyesha. Vipi taa, zinawaka?"

"Zinawaka."

"Wanangu wanaziona usiku. Wanasema kule juu kuna nyota za bure." Akapiga jembe, akalikita. "Tumesikia kuhusu kura. Sisi hatupigi, si ndiyo?"

"Hampigi."

"Vizuri. Anayezikwa hapigi kura, haijawahi kutokea."

Pankrasi akachukua jembe lililokuwa pembeni akaanza kuvuta nyasi. Walifanya kazi bega kwa bega, kila mmoja na tuta lake, mpaka mikono ikapata mwendo na ulimi nao ukalegea.

"Baba yako alikuwa anaelekeza mto, si ndiyo?" akauliza Vitalis.

"Wote walikuwa wanaelekeza."

"Mimi niliyasikia tu. Nisimulie."

Pankrasi akasimulia, na alivyosimulia akajisikia kama mtu anayeeleza ukoo wa mtu mwingine. Zamani, kabla ya koleo, mto ulikuwa hauna njia moja. Kila mwaka kabla ya masika watu wa Mpini walikutana mlangoni mwa korongo, waliokaa kushoto na waliokaa kulia. Upande mmoja ulijitolea, wakasema: leteni kwetu. Basi wote, wa kushoto na wa kulia, walibeba mawe na matawi wakaupangia mto njia ya kwenda upande ule. Huo ulikuwa mwaka wa mawe. Waliojitolea walibomoa nyumba zao, nyumba zenyewe zilikuwa za miti na nyasi, wakahamia kwa wenzao ng'ambo, wakala kwenye maghala yao, watoto wakalala pamoja. Mwaka unaofuata, au wa tatu, upande wa pili wakasema: sasa leteni kwetu. Mawe yalitandazwa kidogo huku, kidogo kule, na juu yake matope mapya. Hakuna aliyefunikwa mara mbili mfululizo, na hakuna aliyelala nje.

"Na sisi huku?"

"Nyinyi mlipata matope."

"Matope na maji," Vitalis akasema. "Nasi tukawaletea samaki wa ziwani. Halafu zikaja koleo, mto ukakaa njia moja, nanyi mkafurahi."

"Nani asingefurahi? Mtu amechoka kubomoa nyumba."

"Sikatai. Mkachoma matofali. Mkajenga kushoto, mkajenga kulia, mkajenga hadi mlangoni. Zamu zilikuwa zenu, shemeji. Hazikufa. Mlitukabidhi sisi zote kwa pamoja, na hamkutuma hata mtu wa kutuambia."

"Ni Mamlaka waliofanya."

"Mamlaka walibana mlima. Maghala ni nani aliyeyafunga?"

Pankrasi alitaka kumjibu. Alikuwa na majibu ya miaka mitano, yamepangwa kama magunia, na yote yalikuwa ya kuwapa wakubwa.

Baadaye kidogo Vitalis akasema kwa sauti nyingine, laini: "Siku ile alipokuja, alikuwa amekununia. Wake zetu wakamtania, mumeo yuko wapi. Akasema: mume wangu ameoa benchi. Wakacheka mpaka wakaweka majembe chini. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote." Akafuta jasho. "Sijawahi kukuambia. Niliona utaumia."

"Ameoa benchi," Pankrasi akarudia.

"Ndivyo alivyosema."

Akainama akaendelea kuvuta nyasi. Gaudensia alijua kuweka jina juu ya kitu mpaka kikae. Angekuwa hai angemtania hivyo mpaka uzeeni, naye angejifanya amekasirika. Alifukia tuta lake mpaka likawa kubwa kuliko inavyotakiwa, na Vitalis akaliacha lilivyo.

*

Binti yake, Redempta, alikuwa amejenga upande wa kushoto wa handaki, karibu na shule anakofundisha. Nyumba ya matofali, dirisha la kioo, ukuta wa rangi ya maziwa. Alimpikia baba yake ugali wa ulezi na dagaa, akakaa kumtazama akila.

"Wanasema utasimama kesho mkutanoni," akasema.

"Mimi husimama kila siku."

"Kila siku ulikuwa unasimama hawakusikilizi. Kesho watakusikiliza, baba. Wenye kuyumba ni wengi, na wengi wanakungoja wewe."

Pankrasi akatowea tonge lake.

"Nyumba hii nimeipaka rangi juzi," Redempta akasema.

"Nimeona. Imependeza."

"Shule ina watoto wa Mpini wote. Wa Ukingoni pia wanakuja, wale wachache wanaoweza kutembea. Ukisema ndiyo, nitawafundishia wapi?"

"Ukingoni pia kuna watoto wanaolala, mwanangu. Kila mvua ikinguruma wanaamshwa wakimbie."

"Najua. Wengine wanasinzia darasani kwangu." Akasema polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa: "Mama amekwenda. Nimemlilia, na bado namlilia. Lakini wakati mwingine naona unataka sisi wote tufunikwe, ili tulingane naye."

Pankrasi akaweka tonge chini. Alikunywa maji. Alitaka kusema si kweli, na alijiuliza kama si kweli. Miaka mitano alikuwa amelala na kuamka akiomba mlima uanguke kwenye kichwa cha mtu fulani, mkubwa fulani mwenye andazi. Hakuwahi kufikiri kwamba ukianguka utaangukia dirisha hili la kioo.

"Sijui," akasema. "Hilo sijui, Redempta."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa binti yake kulisikia neno hilo kinywani mwake. Akamwongezea mboga.

*

Mkutano ulifanyika palepale mlangoni mwa korongo, kwa kuwa hapakuwa na ukumbi wa kuwatosha. Watu wa Mpini walikaa pande zote mbili za handaki, wa kushoto kushoto, wa kulia kulia, si kwa kupangwa. Kila mtu alitokea kwake tu akakaa. Watu wa Ukingoni walipanda pia, wakasimama nyuma kwenye mawe, kwa kuwa hawakuwa na kura, Vitalis akiwa katikati yao na jembe begani kama mtu aliyepita njia. Wakubwa hawakuteremka. Walituma nyigu mmoja mkubwa mwenye spika, akaelea juu ya watu akitoa sauti ya kike iliyofundishwa adabu: Mamlaka inaheshimu maamuzi ya wananchi.

"Mwambieni ashuke basi tuheshimiane uso kwa uso," mama mmoja akasema, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha hofu.

Atuganile akaeleza alivyomweleza Pankrasi, bila kupunguza chochote. Aliposema taa zitazimika, minong'ono ilipanda. Aliposema mawe, ilikoma.

Mzee mmoja wa upande wa kulia akasimama, fundi matofali. Alisema yeye amechoma nusu ya matofali ya kijiji hiki, na hajui kujenga kwa nyasi, na umri huu hatajifunza. Kijana wa kushoto akasema tuongeze koleo, na Ukingoni wahamishwe. "Wahamie wapi?" ikaulizwa kutoka nyuma. Kijana akasema Mamlaka itajua. Pale palipita kicheko tena, na safari hii kilikuwa kirefu.

Halafu wakamtazama Mzee Achieni.

Alisimama. Hotuba yake aliijua kama Baba Yetu. Alifungua mdomo aanze na wakubwa, na uchoyo wao, na benchi lao. Akaufunga.

"Nilikuwa na maneno mengi ya kuwaambia wakubwa," akasema. "Mnayajua, mmeyasikia mpaka yamewatoka puani. Nayaacha. Siku ile nilikuwa Juu. Niliuona mto ukipita hapa kwetu. Mtu akasema Mpini wako salama, nami nikapiga makofi. Tangu mama Redempta afe nimewachukia wale niliopiga nao makofi. Lakini ninyi nyote hapa, kila masika, mto ukipita handakini bila kugusa kwenu, mnafanya nini? Mnashusha pumzi. Mnasema, haya, umepita." Akatazama chini. "Umepita kwenda wapi? Mimi nasema waachie. Na sisemi kwa ajili ya marehemu. Yeye hawezi kufunikwa mara mbili."

Akakaa. Hapakuwa na makofi, na hilo lilimfaa.

Waliinua mikono. Nyigu akapita juu yao akihesabu. Redempta hakuinua mkono wake, na baba yake aliona, naye hakumlaumu. Ile sauti ya adabu ikatangaza kwamba waliosema ndiyo wamewazidi wenzao kidogo, kidogo sana, na kwamba Mamlaka inawapongeza. Nyigu akapaa akarudi Juu. Kule nyuma Vitalis alikuwa amevua kofia.

Watu walianza kuinuka. Atuganile akainua mkono.

"Bado jambo moja," akasema, na sauti yake haikuwa imara kama mwanzo. "Koleo haziwezi kuachiwa zote kwa pamoja, mlima utaruka vibaya. Lazima nianzie upande mmoja. Nikianzia kulia, kulia kutashuka zaidi, na mto utakwenda kulia kwanza. Nikianzia kushoto, kushoto. Upande wa pili utatikisika tu, utapata miaka kadhaa, labda mingi, kabla mto haujageuka. Vyombo vyangu vinajua kushusha. Havijui vimshushie nani. Niliwauliza wakubwa. Wakasema waulizeni wananchi. Nianzie wapi?"

Wa kushoto walitazama nyumba za kulia, zile za zamani, kanisa la kigango na makaburi. Wa kulia walitazama shule. Fundi matofali akasema upande wa kulia kuna wagonjwa na vikongwe, hawahamishiki. Mama wa kushoto akasema watoto ndio wenye kesho. Mwingine akasema ipigwe kura tena. Mwingine akasema wanaoachia ndio waanze, wale walioinua mikono, na mikono mingi iliyokuwa juu muda mfupi uliopita ikaingia chini ya kanga na makoti.

Pankrasi akainuka kwa kushika magoti. Akatembea mpaka ukingo wa handaki upande wake, wa kulia, mahali ambapo zamani baba yake na wenzake walikuwa wakisimama na matawi mikononi. Neno lenyewe hakuwahi kulitamka. Alikuwa mtoto lilipotamkwa mara ya mwisho.

"Leteni kwetu," akasema.

Atuganile alimtazama, kisha akatazama nyuma yake.

"Kwetu ni akina nani, mzee wangu? Mimi nahitaji upande mzima. Wewe una nyumba moja."

Pankrasi akageuka. Wa kulia walikuwa wamekaa palepale, macho yao kwenye udongo. Ng'ambo ya handaki Redempta alikuwa amesimama mbele ya watu wa kushoto, mkono mdomoni, na nyuma yao wote nyumba zao zenye nafasi, zenye vyumba, zenye milango. Nyuma kabisa, juu ya mawe, watu wa Ukingoni walikuwa hawajaondoka.

"Ni kweli," akasema, na sasa hakuwa akisema na mhandisi. Alimwangalia fundi matofali, akawaangalia majirani zake mmoja mmoja, kisha akainua macho mpaka ng'ambo. "Mimi ni nyumba moja. Nani mwingine? Na nyie wa ng'ambo, nani atafungua mlango?"